Bango Lisiloshushwa

9 Februari

Mpwa wangu,

Pokea marahaba kabla ya shikamoo, maana sina hakika nitakuwepo kila mara kuiitikia. Habari za huku ni za uzee. Moyo na mapafu vinagombana ndani ya kifua changu kama wapangaji wa nyumba moja, na daktari ananiambia hana la kuwasuluhisha. Nalala kwa kuegemea mito. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, ambao wameupaka chokaa juzi, kwa hiyo angalau nina kitu kipya cha kutazama.

Ile simu uliyonitumia nimeiweka kabatini. Masikio yangu hayashiki maneno tena, na mkalimani pekee hapa ndani ni mama yako. Mara zote mbili alipoipokea yeye, ilikatika. Sijui kama ni mtandao. Tuandikiane tu, barua hainipigii kelele.

Nimesikia wamekupa ziwa lote ulisimamie. Hongera. Mjomba wako alipewa ufukwe mmoja na gati lake, akajiona mfalme. Wananiita Bwana Afya mpaka leo, hata hawa wasiojua kwa nini.

Mama yako bado yuko na cherehani yake kule sebuleni, anapinda sare za watoto wa shule. Barua zangu huzipeleka posta yeye, kazishika kwa ncha za vidole kama kabeba yai. Yako ya mwisho aliiona mezani, akauliza, "Anasemaje?" Nikamwambia unamsalimia sana. Hukumsalimia, mpwa wangu. Nimeipindua karatasi mbele na nyuma. Salamu hizo ninazitunga mimi, na nimeshaanza kuishiwa maneno.

Njoo umwone. Usije kwa ajili yangu, mimi ni wa kuzikwa tu. Njoo kwa ajili yake, wakati bado nipo nyumbani humu.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mume wangu amepata kazi ya kuvuta nyaya kwenye jengo jipya la forodha, anarudi amechoka mpaka anasinzia na kijiko mdomoni. Binti yangu ameng'oka meno ya mbele. Sasa akisema "samaki" nyumba nzima inapigwa mluzi.

Kazi ni nzito kuliko nilivyodhani. Hapa watu wanatoka mjini mwisho wa wiki, wanakodi mitumbwi, wanaogelea, wanalaza watoto kwenye mchanga. Mwezi uliopita mwani ulichanua. Asubuhi ulikuwa vumbi la kijani juu ya maji, kufika mchana ukawa mzito kama mtu amemwaga kopo la rangi. Mbwa wa mlinzi wa hoteli alikunywa pale ufukweni, akafa kabla mlinzi hajamaliza zamu. Nimewaeleza watu wasioge, wasichote, na wasidhani kuchemsha kunasaidia, maana sumu ya mwani haiuawi na moto. Mwenye mitumbwi akaniambia, "Bibi Afya, unatufukuzia wateja. Kijani ni rangi ya uhai."

Nimeweka mabango kwenye fukwe zote. Bosi anataka niyashushe maabara ikisema maji yametakata. Nimekataa. Nimefanya ulivyokuwa ukifanya wewe: yatakaa juu mwaka mzima. Atakayeumia hatasema hakuambiwa. Nalikumbuka bango lako jekundu pale gatini, lilivyokuwa liking'aa kila msimu kama jipya. Nilipoomba kazi hii, bango lile ndilo nililokuwa nalo akilini.

Kuhusu kuja, kazi hainiruhusu. Na hata ingeniruhusu, mjomba, wewe unajua. Ulikuwepo kwenye kile kikao cha uchunguzi. Ulisikia walichomuuliza mama, ukasikia alivyojibu. Bango lilikuwepo, alilisoma, akamwacha mdogo wangu aingie majini. Mpaka leo nikifumba macho namwona Bata, kama tulivyozoea kumwita, kitandani hospitali, na lile doa jekundu puani mwake, ambalo nesi alilisugua kwa spiriti bila kujua limetoka wapi. Nina binti sasa. Kila ninapomwogesha nazidi kutomwelewa mama.

Tunza kifua chako.

Mpwa wako


15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie huyo mpiga mluzi asikimbilie meno mapya, ya zamani yana raha yake. Mimi yangu yako kwenye glasi.

Leo sina nguvu ya kuandika mengi. Yashushe mabango. Popote maji yalipo safi, shusha. Kesho yakichafuka, pandisha. Keshokutwa yakisafika, shusha tena, hata mkono ukuume.

Usingoje maabara peke yake. Nenda mwenyewe asubuhi, kabla watu hawajaamka, utazame kona ile ambayo upepo unaisukumia maji, maana mwani hukusanyika huko. Chota maji kwenye chupa ya kioo, iache itulie kwenye jokofu mpaka siku ya pili. Kijani kikipanda juu kama malai ya maziwa, una jambo. Mambo haya niliyajua nikiwa kijana kuliko wewe.

Ukiniuliza kwa nini nasema hivi wakati mimi mwenyewe sikushusha, nitakujibu nikipata pumzi.

Mama yako amenipikia supu. Anauliza kama umepokea ile gauni aliyomshonea mtoto. Nimesema umeipokea na imemkaa vizuri.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilinikasirisha nikaitia kwenye droo. Gauni ilifika, ndiyo. Haikumkaa, alikuwa amekua. Nimeihifadhi.

Ulinifundisha jambo moja maisha yangu yote, na sasa unaniambia nifanye kinyume, sababu utasema ukipata pumzi. Sikushusha. Nisikilize yaliyonipata.

Jumapili nilimkuta baba mmoja amefunga kamba ya nguo kwenye nguzo ya bango langu. Taulo za watoto zinaning'inia juu ya neno HATARI, na watoto wenyewe wako majini wanarukaruka. Nikamwendea juujuu.

"Baba, unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi soma hapa."

Hakugeuka hata kutazama. "Bibi Afya, hilo bango lilikuwepo mwanangu huyu anatambaa. Sasa anatembea. Hebu nikuulize. Mkeo akikwambia kila siku ukiingia ndani kwamba nyumba inaungua, siku ikiungua kweli utatoka?"

"Mimi sina mke."

"Basi mumeo. Utatoka?"

Watu wakacheka. Nikaondoka, maneno yangu mwenyewe yakinirudia masikioni. "Unajua kusoma?" Nimeyasikia wapi haya? Nilikumbuka nikiwa njiani kurudi. Ndivyo mwenyekiti wa kikao alivyomuuliza mama, na kwa sauti ileile.

Siku ile maji yalikuwa safi, watoto hawakupata neno. Lakini tangu juzi kona ya kusini imeanza kuwa na ule ukungu wa kijani, na watu wanaoga pale pale, nguo zao kwenye bango langu. Ninawaambia kwa mdomo mmoja mmoja, wananiitikia kwa heshima, nikigeuka wanaingia.

Mjomba, unanificha nini?

Mpwa wako


4 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Amenishonea pazia la bluu. Anasema lile la zamani lilinifanya nionekane nimekwisha kufa. Macho yangu yamefifia, mistari hii naiandika kwa kubahatisha, ukiona maneno yamepandana uyatenganishe mwenyewe. Ni barua ya mwisho kwa mkono wangu. Yako itakayofuata sitaweza kuisoma. Atanisomea mama yako, hakuna mwingine humu ndani. Likumbuke hilo utakapokaa kunijibu. Hii unayoishika ameipeleka posta yeye, na najua hakuuliza kilichomo.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Nataka nikitangulie hicho kilio.

Siku zile chupa zetu za maji zilikwenda maabara kwa basi. Majibu yalichukua wiki, na mengine hayakurudi kabisa. Yakifika, ule mwani ulikuwa umekwisha kutawanyika, au umekuja mwingine. Nilishusha bango, nikalipandisha, nikalishusha tena. Mkubwa wangu akaniita. "Unahangaika nini wewe? Bango likiwa juu, nani atakulaumu?" Niliyaona ni maneno ya busara. Nikaliacha juu. Mwanzoni niliendelea kwenda kutazama maji kila asubuhi, kisha nikawa naenda nikikumbuka. Mwisho wake nilikuwa nikienda kulipaka rangi bango tu, ili mkubwa akipita aone kazi inafanyika. Mpwa wangu, nililitunza bango kuliko nilivyolitunza ziwa.

Asubuhi ile wewe ulibaki nyumbani ukijisomea mtihani. Mimi nilikuwa juu ya ngazi na kopo langu la rangi nyekundu. Mama yako akaja na beseni la nguo kichwani, Bata anamtangulia kifua wazi, akitembea kibata kama kawaida yake ili watu wacheke.

Mama yako akasimama chini ya ngazi. "Kaka, maji vipi leo?"

"Yako palepale yalipo."

"Sifanyi mzaha. Bango lako linasema hatari."

"Lilisema hatari hata ulipofua mablanketi ya msiba, ulikufa? Nenda bwana. Hili ni la kuwaridhisha wakubwa."

"Una hakika?"

"Nani Bwana Afya hapa, mimi au wewe?"

Akacheka. Bata akaninyooshea uso. "Mjomba, nipake na mimi." Nikainama na brashi nikamgusa puani. Akakimbilia majini akipiga kelele kwamba yeye sasa ni bango.

Hilo ndilo doa ulilolishika akilini miaka yote hii. Ni rangi yangu.

Upepo ulikuwa umegeuka usiku. Kwenye kona ya gati, pale ambapo ningetupa jiwe bila kunyoosha mkono, mwani ulikuwa umelala mnene, kijani kibichi. Sikuuona, kwa kuwa nilikuwa nimelipa ziwa mgongo, naipitia herufi ya H mara ya pili. Bata alikuwa na mchezo wa kujaza maji mdomoni na kuyarusha juu kama bomba lililopasuka. Mengine aliyameza. Yaliyofuata uliyaona mwenyewe: matapishi, tumbo, macho kugeuka manjano, na madaktari wakitazamana.

Kwenye kikao nilikaa upande wao wa meza. Walinisifu. Mwenyekiti alisema amekwenda mwenyewe gatini akakuta bango limesimama, tena limepakwa rangi mpya. Kisha wakamgeukia mama yako. Hukuliona bango? Nililiona. Unajua kusoma? Najua. Basi ilikuwaje? Hapo akanitazama, mara moja tu. Nilijua anachongoja. Ningeweza kusimama. Kiti changu kilikuwa chepesi, cha mbao, kisingepiga hata kelele. Nikatazama kalamu yangu.

Akasema, "Nilipuuza."

Wewe ulikuwa mlangoni na sare yako ya shule. Niliuona uso wako ukifunga.

Jioni ile nilimfuata jikoni. Nikamwambia kesho nitakwenda kusema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Ukasema nini? Wakufukuze? Na huyu binti atasomeshwa na nani, na cherehani? Mmoja nimemzika, kaka. Huyu mwingine niachie asome. Nyamaza."

Nikanyamaza. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, na hilo ndilo linaloniamsha. Nilijiambia nimetii ombi la dada yangu. Kweli yenyewe ni kwamba nilifurahi kuombwa. Mwaka uliofuata walinipandisha cheo. Nikakusomesha, ukanishukuru, ukaanza kumwitikia mama yako kwa neno moja moja, halafu ukaacha kabisa kumwamkia, nami nikayaona yote hayo kutoka kwenye kiti cha mezani kwake, nikila chakula chake.

Sitakuomba msamaha, nisije nikakutwisha mzigo mwingine. Nakuomba ushushe mabango ukayaangalie maji. Na uamue mwenyewe nitasomewa nini.

Mjomba wako


11 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nyumbani hatujambo. Jino moja limechomoza, mluzi umepungua. Barua yako nilimpa mume wangu aisome, akaikunja akanirudishia, akaenda kukaa nje na mtoto. Nimekuandikia mara nyingi na kuchana.

Nianze na ziwa. Siku ya pili baada ya kukusoma nilizunguka fukwe zote na kushusha bango kila mahali maji yalipokuwa safi. Kona ya kusini tu ndiyo niliyoiacha na lake, nikasimama pale mwenyewe mpaka jioni. Bosi alifoka. Nikamwambia aniandikie kwa maandishi kwamba niache kutazama maji. Hajaandika.

Yule baba wa kamba ya nguo alikuja akakuta nguzo tupu. Akashtuka kuliko alivyowahi kushtushwa na bango.

"Bibi Afya, bango liko wapi? Wameliiba?"

"Leo maji ni safi."

"Umejuaje?"

"Nimetoka kuyaangalia."

Akanitazama miguu, ilikuwa na tope mpaka magotini. "Na kesho?"

"Kesho utaniuliza."

Akaniuliza kweli. Akawa ananiuliza kila akija, na wengine wakaanza kuuliza. Wiki iliyopita upepo uligeuka, nikapandisha bango kwenye ufukwe wake. Alisimama mbele yake na watoto, akawasomea kwa sauti, neno kwa neno, kama limeandikwa asubuhi ile. Kisha akawageuza wakarudi nyumbani. Mmoja analia, ndoo yake mkononi.

Niliingia nyuma ya kibanda cha mitumbwi nikalia kuliko yule mtoto. Kwa sababu ni hivyo tu, mjomba. Kutembea kidogo asubuhi na kulowa miguu. Bata angekuwa na watoto sasa.

Sijakusamehe. Sisemi sitakusamehe, wala usijipe moyo kwamba ni suala la muda, maana muda huna na mimi sijui kusamehe kwa haraka. Uliyonifanyia ni mengi mema na yote yamekaa juu ya hili moja. Shule yangu ni ya kimya chako. Na kazi hii pia. Sijui nikushukuru kwa mkono upi.

Umeniachia niamue utasomewa nini. Nimeamua.

Sasa nasema na wewe unayeishika karatasi hii. Najua umekaa kwenye kile kigoda cha cherehani, miwani umeifunga kwa uzi. Usiruke mstari. Mwambie mjomba angoje kidogo kama sauti inakatika, halafu endelea, kwa sauti, asikie na yeye.

Ameniambia yote. Ngazi, kopo la rangi, pua ya Bata. Ameniambia uliuliza. Uliuliza kuhusu maji, ukauliza tena kama ana hakika, ukajibiwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua. Hukupuuza. Nilisimama mlangoni nikakusikia ukisema ulipuuza, nikaamini hapo hapo, kwa sababu nilitaka awepo mtu wa kumkasirikia na wewe ulikuwa karibu. Ulijua nimeamini. Ukaniacha nikuchukie huku unanipigia pasi ile sare, asubuhi baada ya asubuhi, na hukuniambia.

Hilo nalo nina hasira nalo. Nitakuja nalo. Nataka tugombane mimi na wewe kama watu wengine na mama zao, mpaka jirani apige ukuta.

Ninapanda basi la Jumamosi asubuhi. Namleta mjukuu wako, na gauni naileta uitanue, umeacha pindo la kutosha. Mjomba akiwa bado yupo nitakaa naye, ila asitegemee maneno mengi. Akiwa ameondoka, utanionyesha alipolala, na tutapita kwa Bata pamoja. Sijawahi kwenda huko nikiwa na wewe.

Mjomba, zile salamu ulizokuwa ukinitungia, pumzika sasa. Hii ni yangu mwenyewe, na nitaisimamia hapo mlangoni mpaka iitikiwe.

Shikamoo, mama.